Kula Mbele ya Mama Mkwe

Fundi wa nguo hadanganywi na kiuno. Nimeshona kanzu, suti na gomesi, yale magauni ya kike yenye mabega yaliyosimama na mkanda mpana kiunoni, hapa Nabuyonga, Mbale, tangu ujana wangu, na futi yangu hunipa habari za mteja kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo. Hunijulisha aliyeoa, aliyeachwa, na aliyepata cheo juzi. Kwa hiyo suruali zangu zilipoanza kuteremka sikuwa na pa kujificha. Niliona. Nikaipunguza moja kiunoni, nikaendelea na kazi. Mvua zilipokatika nikaipunguza tena. Mara ya tatu mifuko ya nyuma ilikuwa karibu kugusana, nami nikajiambia kitambaa ndicho kibovu.

Kikohozi nacho kilikuwepo, lakini nani asiyekohoa mtaani kwetu vumbi likianza? Nilishona koti lenye mabega ya kujazia, nikalivaa hata jua likiwa kali. Sokoni watu walianza kunisalimia kwa sauti ya chini. Kwetu mtu akikonda, watu wanalo jibu moja tayari mdomoni, na jibu hilo halingoji daktari. Mteja wangu mmoja wa miaka mingi alikuja akachukua kitambaa chake kabla sijakikata, akasema ameghairi. Nilimpa, nikamtakia safari njema. Alipotoka nikapiga cherehani teke.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilipopelekwa hospitali, nilikuwa natembea kwa kushika ukuta. Walipima kifua kikuu, hakikuwepo. Walipima mengine yale ambayo soko lilikuwa limeshayatolea hukumu, hayakuwepo. Wakanipiga picha, wakanichoma sindano mbavuni, na mwishowe wakasema ni saratani ya pafu. Sitaeleza habari za kidaktari, wako wanaozijua. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye mwili wake unampungukia kila siku, na kwa ajili ya wale wanaogombana naye juu ya sahani.

Ilipangwa nitibiwe Jinja, katika hospitali moja ambako daktari wa saratani alikuwa akija kila baada ya wiki kadhaa. Mama mkwe wangu anakaa Jinja, nyuma ya yale maduka ya zamani yenye nguzo barazani. Mke wangu Zaituni akasema tutakaa kwa mama yake mpaka dawa ziishe. Nilinyamaza. Msomaji asiyetoka kwetu hatajua kwa nini nilinyamaza, basi nieleze.

Kwa Wasoga, watu wa mke wangu, na hata kwetu Wagisu, kuna buko. Mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawagusani, hawatazamani usoni. Tangu nimwoe Zaituni sikuwahi kumtazama mama yake sawasawa. Nikikutana naye njiani, yeye hujifunika shali na mimi hugeukia ukutani. Zaidi ya yote, hamli mkionana. Anayevunja buko, wanasema, mikono itamtetemeka mpaka kaburini. Sisi ni Waislamu, na shehe wetu alishasema msikitini kwamba mama mkwe ni maharimu kama mama aliyekuzaa, hakuna dhambi. Watu wote wakasema sawa shehe, wakarudi majumbani wakaendelea kujificha nyuma ya milango.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake wa uani. Alinipa cha mbele, kizuri, akahamia cha nyuma. Tukawa tunasalimiana kupitia ukuta. Marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake alikiokota kambini, kwa hiyo hata salamu yake ilikuwa kama amri.

"Mkwe! Umeamka?"

"Nimeamka, mama."

"Basi sawa."

Zaituni ndiye aliyekuwa mguu wetu, akipita katikati na chakula na habari.

Duru ya kwanza ya dawa ilinitia ladha ya sarafu mdomoni. Maji yalikuwa sarafu, chai ilikuwa sarafu. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilinitoa machozi kwa kichefuchefu. Nilikuwa nikila vijiko viwili, vitatu, halafu tumbo linafunga mlango. Zaituni alianza kwa kubembeleza. Akaja kulia. Kisha akaanza ukali.

"Baba Halima, unakufa kwa makusudi?"

"Nikishiba nimeshiba."

"Umeshiba nini? Umenusa tu!"

Nilisukuma bakuli, mchuzi ukamwagika mkekani. Zaituni alipiga magoti akaufuta, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nilimpenda na nilimchukia, yeye na kijiko chake, kwa wakati mmoja. Ukijikuta hapo, ujue si wewe wa kwanza.

Aliyetuokoa kidogo ni sista wa kliniki. Alitukuta tumepeana migongo kwenye benchi la kusubiria, akavuta kiti. Alimwambia Zaituni kwamba ugonjwa huu unautafuna mwili hata mtu akila, kwa hiyo si mapishi yake wala si ukaidi wangu. Ila tusikate tamaa na chakula. Nipewe kidogo kidogo, mara nyingi, nisingojee njaa maana haiji. Uji uwe mzito, wenye maziwa na njugu iliyosagwa. Mayai, ovakado, dagaa wa ziwani waliosagwa. Kama harufu inanishinda, nile kikiwa kimepoa. Nisijaze tumbo maji kabla ya kula. Dawa ya kichefuchefu nimeze mapema, vidonda vya mdomo nionyeshe nisivifiche. Na nitembee, hata kama ni mpaka mlangoni, kwa sababu msuli usiotumika unakwenda haraka zaidi. Zaituni alishika kila neno. Tukapumua.

Kwenye benchi lile ndipo nilipomjua afande. Alikuwa mstaafu wa magereza, Mkristo kutoka Teso, mrefu, na mkanda wa sare yake ya zamani alikuwa bado anauvaa, umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Niliuona mkanda kabla ya uso.

"Nani alikutobolea?" nilimwuliza. "Kazi mbaya sana."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi mwenyewe, bwana. Wewe fundi?"

"Fundi."

"Basi fundi, sikiza. Huku kula ni kazi. Hapana raha. Unaamka, unaingia kazini."

Baada ya duru ya pili mizani ilishuka vibaya. Daktari aliiangalia, akaniangalia mimi, hakuzunguka. Alisema mwili ukishuka tena kabla ya duru ya tatu, hatanipa dawa, kwa sababu dawa yenyewe ingeniangusha kabla ya ugonjwa. Afande aliyeingia baada yangu alitoka ameambiwa hivyohivyo, ila kwake uzito ulikuwa umeshashuka mno, dawa hakupewa. Aliambiwa akapumzike kwanza. Alinipa mkono bila kuketi.

Nilitoka pale nikiwa na woga ambao sikuwahi kuujua. Saratani ilikuwa kitu cha mbali ndani ya picha, lakini mizani ile niliiona kwa macho yangu.

Wiki ileile simu ikalia kutoka Mbale. Halima, binti yetu, alikuwa na malaria kali, amelazwa. Zaituni alisimama katikati ya chumba akiwa na mfuko mkononi, hajui agawanyike vipi. Nikamwambia nenda. Akapanda gari la Mbale na nguo alizovaa.

Katika haraka ile, maneno ya sista aliondoka nayo kichwani.

Mama mkwe wangu alijua jambo moja tu: mkwe hupewa kuku. Na hapewi paja wala bawa. Hupewa kuku mzima, aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, na matoke ya kujaza sahani. Ndiyo heshima. Kila siku aliweka chakula mlangoni, akagonga, akarudi nyuma.

"Mkwe! Chakula iko mlangoni."

"Asante sana, mama."

Nilikivuta ndani, nikakaa nacho. Mvuke ukanipanda puani, nikageuza uso. Nifanye nini? Kumwita nimwambie sitaki kuku, nataka uji wa baridi? Mkwe haagizi chakula ukweni. Kurudisha sahani imejaa? Hilo ni tusi, ni sawa na kumwambia mama mapishi yake mabaya na binti yake umemchoka. Basi nilikula nilichoweza, ambacho hakikufika kiganja, na kilichobaki nikakitupa dirishani, kwenye uchochoro wa pembeni. Sahani ikarudi tupu. Nikamsikia akimwambia jirani, kwa majivuno yote ya dunia, "Mkwe yangu nakula! Wallahi, anamaliza mpaka mfupa."

Waliomaliza mpaka mfupa ni makaloli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaosimama kwenye majalala ya Jinja kama wazee wa baraza. Siku ya kwanza alikuja mmoja. Baadaye wakawa wanangoja juu ya paa saa ya chakula haijafika, wakipiga midomo yao. Zaituni alipopiga simu, mama yake alimwambia nakula vizuri, na mimi nikasema ndiyo. Huku suruali inanishuka nikiwa nimekaa.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wote wamekwenda msikitini. Nilisimama na sahani, nikanyoosha mkono dirishani, na magoti yakakataa. Nilianguka na sahani, na kishindo chake nadhani kilifika barabarani. Nje makaloli walikuwa wanagombania nyama.

"Mkwe?" Sauti ilikuwa mlangoni. "Umeanguka?"

"Ndiyo, mama."

"Amka."

"Siwezi."

Nilimsikia akiita jirani. Akaita mwingine. Hapakuwa na mtu. Niliona vidole vyake vya miguu chini ya pazia, vimesimama kwenye kizingiti, na nikajikuta naomba asiingie. Nilikuwa sakafuni, shati limepanda, mbavu zote nje, na mtu wa mwisho duniani niliyetaka anione hivyo alikuwa yeye.

"Bismillahi," akasema, akaingia.

Alinishika makwapani akaninyanyua mara moja. Urahisi ule ulinitia aibu mimi na ukamtia hofu yeye. Nilimsikia akivuta pumzi. Aliniketisha kitandani. Ndipo akaona sakafu, akaona dirisha, akaenda akachungulia.

"Kuku yangu," alisema taratibu, "wewe unapatia kaloli?"

"Mama, nilishindwa kurudisha sahani imejaa. Niliogopa."

"Kuogopa nani?"

"Wewe."

Akakaa chini, pale pale kwenye mchuzi. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilimwona uso. Alikuwa na macho ya Zaituni.

"Mimi naogopa wewe," akasema. "Wewe unaogopa mimi. Bambi, maskini sisi, sasa tutaogopana mpaka nani kufa?"

Nililia. Sikulia nilipoambiwa saratani, lakini siku ile nililia kama mtoto, na yeye hakunibembeleza. Alichukua simu akampigia Zaituni.

"Huyu mtu yako hapana kula. Sema mimi nini napika."

Nikamsikia Zaituni upande wa pili: "Mama, uko wapi? Umeingia ndani?"

"Nimeingia. Sema haraka."

Nikasikia kilio, kisha Zaituni akaanza kutoa maneno ya sista moja baada ya jingine, na mama yake akayarudia kwa sauti kama askari anayepokea amri.

Mgonjwa haulizwi uji. Tangu siku ile kila baada ya muda kidogo pazia lilisukumwa, kikombe kidogo kikaingia. Uji wa ulezi wenye njugu na maziwa. Ovakado iliyopondwa na chumvi kidogo. Yai. Malewa aliyoagiza kutoka kwetu Mbale, yale machipukizi ya mianzi, ameyapika katika rojo la njugu, kwa sababu aliwaza huenda ulimi ulioikataa Jinja utakumbuka nyumbani. Malewa yale nilikula kijiko kwa kijiko mpaka chini, na yeye akatoka nje kwenda kumshukuru Mungu kwa sauti. Mwanzoni alikuwa akigeuza uso ukutani nikila. Baadaye alichoka kugeuza, akaanza kunitazama, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana hakuna kijiko kilichompita.

"Hiyo hapana kijiko. Hiyo kulamba."

"Mama, tumbo limejaa."

"Pumzika. Mimi niko hapa."

Na kweli alikuwa hapo. Nilipotapika alifuta, akangoja, akaanza upya. Jua likipungua alinitembeza: kwanza mpaka mlangoni, halafu mpaka langoni, halafu mpaka nguzo ya kwanza ya baraza la maduka, mkono wake kwenye kiwiko changu mbele ya macho ya watu. Bibi mmoja alimsimamisha bombani akamwonya juu ya mikono yake. Akamjibu, "Ikitetemeka, si ni yangu?" Lakini nilimwona, akidhani simwoni, akiinyoosha mikono ile juani na kuiangalia. Aliiamini ile habari. Alijua anachokitoa.

Siku zingine nilimchukia kama nilivyomchukia Zaituni. Siku zingine nilikula kila kitu na bado mkono wangu ulikuwa mwembamba kuliko jana. Hilo ndilo la kutisha katika ugonjwa huu: unafanya kazi yote na huna hakika ya mshahara.

Siku ya mizani Zaituni alikuwa bado Mbale na Halima, nikaenda na mama mkwe. Benchi lilijaa. Katika nafasi ya afande pale pembeni alikuwa amekaa mtu mwingine. Nilimwuliza sista, akasema alirudi kwao Teso, akaangalia pembeni. Nilitazama viatu vyangu mpaka jina langu lilipoitwa.

"Panda, mzee. Vua koti."

Nilivua koti langu lenye mabega ya uongo, nikapanda. Sista aliinama. Akasogeza kile chuma, akakirudisha, akakisogeza tena. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia anavyosoma dua kwa kunong'ona.

"Haijapanda," sista akasema. Kisha akasimama wima. "Na haijashuka."

Daktari alitia sahihi. Nilipata duru ya tatu siku ile, na baadaye ya nne.

Niseme nilipo sasa ili usibaki na wasiwasi. Uvimbe umesinyaa, nao umetulia. Kilo zangu nyingi hazikurudi, na nimeacha kuzingoja. Nashona mpaka adhuhuri, halafu nalala. Koti lile nimelifumua mabega. Halima alipona. Sokoni bado wako wanaonong'ona, nami nawapungia mkono. Sikuambii kwamba uji unaponya saratani, maana nimewaona waliokula kuliko mimi wakaondoka. Nakuambia tu usimfiche anayekuuguza sahani yako. Na kuna jingine, ambalo nilikaribia kulikosa kabisa.

Tulipokuwa tunasubiri dripu iishe siku ile ya duru ya tatu, mama alisinzia kwenye kiti. Macho ya fundi hayana adabu. Niliitazama gomesi yake. Mkanda ulikuwa umezungushwa kiunoni mara moja zaidi ya inavyotakiwa, na yale mabega yaliyosimama yalikuwa yamesimama peke yake, bega lenyewe limebaki ndani. Nikakumbuka kwamba alikuwa nami asubuhi, mchana na jioni. Alikubali mimi nile mbele yake. Yeye kula mbele yangu, mwiko huo hakuuvunja hata siku moja. Na kwa kuwa hakuondoka mbele yangu, alikuwa akila saa ngapi?

Tulirudi nyumbani. Akaleta kikombe changu cha uji. Nikakifunika kwa kiganja.

"Lete chako, mama."

"Mimi nitakula baadaye."

"Baadaye gani?"

Akanisogezea kikombe. Nikakisogeza upande wake.

"Mkwe, wewe umetoka dawa leo. Kula."

"Sili mpaka wewe ule. Hapa, nikiona."

"Unataka kuniua na aibu?" Sauti yake ilipanda. "Mlango yako mimi nimeingia, mkono yako mimi nimeshika. Na hii pia?"

"Nimeshona gomesi maisha yangu yote, mama. Kilo zile ambazo hazikushuka mimi sikuzishika. Umezitoa wewe, mwilini mwako."

Uji ukaanza kufanya ngozi juu. Tulikaa hivyo, wakaidi wawili, na mimi kichwani nilikuwa naogopa kweli, kwa sababu nilijua kila dakika niliyokuwa sili ilikuwa inatoka mwilini mwangu. Naye alijua. Mwishowe akainuka akatoka, nikadhani amekwenda zake. Akarudi na sahani ya viazi vitamu na maharage. Akakaa chini, akanipa mgongo. Akakaa hivyo muda, mabega yakipanda na kushuka.

Halafu akageuka. Akamega kiazi, akachovya, akakitia mdomoni. Akatafuna polepole akinitazama machoni, na mimi nikainua kikombe changu.